Seva ya Barua Pepe Imegoma Baada ya Kuboreshwa: Anza na Dalili

Mwongozo huu ni wa yule aliyebadilisha seva ya barua pepe Jumamosi, akafunga chumba taa zote zikiwa kijani, kisha Jumatatu saa mbili asubuhi simu zikaanza kuingia. Hitilafu zilizomo humu ndizo zinazojirudia katika vyuo, sacco, hospitali na ofisi za kanda hii, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Busia: mahali ambapo seva moja hubeba barua za mamia ya watu, na fundi wake ndiye huyo huyo anayeitwa printa ikikwama karatasi. Nimechukulia kwamba unatumia Linux pamoja na Postfix, programu inayopokea na kutuma barua, na Dovecot, inayowafungulia watu masanduku yao.

Kabla hujashika bisibisi, fahamu kwamba ni nadra mashine mpya yenyewe kuwa na kosa. Taabu huletwa na kilichohamishwa nusu: anwani bila jina lake, faili bila ruhusa zake, diski bila kitambulisho chake. Kwa hiyo usikimbilie kusakinisha upya. Ukisakinisha upya unafuta logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, na logi ndiyo shahidi pekee uliye naye.

Kwanza kabisa, zuia barua zisipotee

Barua pepe ina subira kuliko wakubwa wa ofisi. Seva ya mtumaji ikikuta yako imezimwa, huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Kanuni za SMTP, lugha ambayo seva za barua huzungumza, zinashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 hadi 5, na Postfix kwa kawaida husubiri siku 5. Seva iliyozimwa mchana kutwa haijapoteza kitu. Inayopoteza barua ni ile iliyo hewani huku ikijibu vibaya. Jibu linaloanza na 5 maana yake ni "sitaki, usirudi", na barua humrudia mwenyewe papo hapo. Linaloanza na 4 maana yake ni "jaribu baadaye".

Basi ukiona mambo hayaeleweki, geuza majibu yote ya 5 yawe ya 4 wakati unatafuta kosa:

`postconf -e soft_bounce=yes`
`systemctl reload postfix`

Hapo umejinunulia muda. Ukimaliza kazi kumbuka kuirudisha kuwa `no`, la sivyo barua zilizoandikwa anwani mbovu zitarundikana kwenye foleni bila mtumaji kujua.

Seva ya zamani usiifute. Ichomoe kwenye mtandao, iache kama ilivyo kwa wiki mbili angalau. Wapo wanaoziacha zote mbili hewani "kwa usalama", na matokeo yake ni barua kugawanyika, nusu huku nusu kule, na kuziunganisha ni kazi kubwa kuliko uboreshaji wenyewe.

Dalili: mashine haiwaki, au inawaka kidogo na kujizima

Anza na stima. Najua inaonekana jambo la kitoto, lakini kebo ya stima iliyolegea nyuma ya mashine ndiyo inayoongoza, hasa pale seva imesukumwa tena ndani ya kabati baada ya kuongezwa RAM. Chomoa, chomeka upya, jaribu soketi nyingine isiyopitia ekstensheni.

Kisha tazama UPS. Seva mpya ikiwa na diski nyingi huvuta stima nyingi zaidi inapowaka, na UPS iliyoitosha ya zamani hulia na kukata. Betri za UPS za asidi hudumu takriban miaka 3 hadi 5, na joto huzifupisha umri. Kipimo chepesi: washa seva moja kwa moja kutoka ukutani kwa dakika chache. Ikiwaka vizuri, UPS ndiyo mgonjwa. Kosa jingine la kawaida ni seva yenye pawasaplai mbili ambazo zote zimechomekwa kwenye UPS moja. Ya pili inakuwa pambo tu.

La tatu ni RAM. Kipande ambacho hakikuingia mpaka vibano vya pembeni vikalia "tik" kitafanya mashine ilie milio au ikae kimya kabisa. Kuna mtego hapa kwa wanaonunua RAM iliyotumika. DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, hivyo kosa hilo hujionyesha mapema. Lakini DDR4 ya aina ya RDIMM na ya aina ya UDIMM hutoshea tundu moja, na bado haziwezi kuchanganywa. Soma herufi kwenye kibandiko cha kila kipande, na ufuate mchoro wa mpangilio wa matundu ambao kwenye seva nyingi umebandikwa upande wa ndani wa kifuniko. Ukiwa na shaka, rudisha RAM ya zamani peke yake. Ikiwaka, umepata jibu. Na hata ikiwaka na RAM mpya, iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku kucha kabla hujaweka barua za watu humo.

Ikijizima baada ya dakika kumi au ishirini, fikiria joto. Vyumba vya seva vinashauriwa viwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi, na mchana wa Kisumu mara nyingi hupita hapo ukiwa nje kivulini, sembuse ndani ya stoo isiyo na kiyoyozi. Nakuru tatizo huwa vumbi zaidi. Kando ya ziwa kuna jambo ambalo vitabu vya watengenezaji havilitaji: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa mawingu na kufuata taa. Dirisha likiachwa wazi na taa ikiwaka usiku, feni huwavuta. Ukifungua kifuniko utakuta tabaka jeusi la mbawa na vumbi limejaa katikati ya mabati ya kupoza prosesa, na upande wa pili hewa haitoki kabisa. Zima, chomoa stima, zuia feni kwa kidole isizunguke, kisha pulizia kwa blowa kutoka ndani kwenda nje. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji.

*Acha hapo na uite fundi wa umeme* ukisikia harufu ya kuungua, ukiona betri ya UPS imevimba, au ukigusa bodi ya chuma ya seva na kuhisi inakutekenya. Hiyo ya mwisho ni dalili kwamba waya wa ardhini haupo au umekatika, na hakuna mpangilio wa programu utakaoitibu. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, apime soketi na njia ya ardhini. Kanda hii ina radi nyingi, hasa alasiri za mvua ndefu, na jengo lisilo na njia nzuri ya ardhini litakula seva mpya kama lilivyokula ya zamani. Pawasaplai nayo isifunguliwe kamwe. Hubaki na chaji hata ikiwa imechomolewa. Inabadilishwa nzima.

Dalili: inawaka lakini inakwama kwenye skrini nyeusi yenye maandishi

Ukiona inasubiri kama dakika moja na nusu kisha inakuomba nywila ya root kwa "emergency mode", angalia `/etc/fstab` kabla ya kitu kingine. Mara nyingi diski zimeandikwa humo kwa majina kama `/dev/sdb1`. Ukiongeza diski mpya, mpangilio hubadilika, sdb ya jana inakuwa sdc ya leo, na mfumo unangoja kitu ambacho hakipo. Ingia, andika `blkid`, kisha badilisha majina hayo yawe ya UUID, yaani kitambulisho cha diski kisichobadilika. Mfumo ukikataa kuhifadhi, `mount -o remount,rw /` huufungua. Diski isiyo ya lazima, kama ile ya bekapu, iongezee neno `nofail` ili siku ikifa isizuie seva nzima kuwaka.

Ikiwa haifiki hata hapo, na mashine inasema haioni diski ya kuwashia, basi huenda diski ya zamani ilisakinishwa kwa mtindo wa zamani wa BIOS na mashine mpya inataka ule mpya wa UEFI. Badilisha mpangilio huo kwenye BIOS. Kama diski zilikuwa kwenye RAID (diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja) inayosimamiwa na kadi, na umezihamishia kwenye mashine yenye kadi tofauti, usikubali mashine ikikuuliza kama iunde RAID mpya au ianzishe diski upya. Jibu la "ndiyo" hapo linaweza kufuta kila kitu. Zima, rudisha diski kwenye mashine yake.

Dalili: seva imewaka, ukikaa mbele yake iko salama, lakini mtandao hauioni

Jina la kadi ya mtandao limebadilika. Hili huongoza kwa mbali. Ukiongeza kadi yoyote kwenye PCI, au ukipandisha toleo la mfumo, `enp3s0` inaweza kuwa `enp4s0`, ilhali mpangilio wako bado unataja la zamani. `ip link` itakuonyesha jina la sasa. Lisahihishe kwenye faili la mtandao na uwashe upya huduma.

Kama jina liko sawa na bado kimya, shida inaweza kuwa kwenye rauta ya mtoa huduma, ambayo bado inakumbuka kadi ya mashine ya zamani kwa anwani ile ile ya IP. Izime na kuiwasha. Isipobadilika, wapigie, wengine hufunga anwani kwa kadi moja na lazima waifungue wao. Baada ya hayo ndipo utazame faiawoli.

Usifanye mabadiliko haya kwa mbali ukiwa Kericho na seva iko Kisumu. Kosa la herufi moja litakugharimu nauli.

Dalili: barua zinaingia, lakini zinazotoka zinakwama, zinarudi, au zinaangukia barua taka

Hapa ndipo penye malalamiko mengi kuliko mahali pengine pote, na ndipo watu hubahatisha zaidi. Usibahatishe. Andika `mailq`. Chini ya kila barua iliyokwama kuna sentensi inayosema kwa nini imekwama, na sentensi hiyo hukuelekeza kwenye mlango sahihi.

*Inasema muda wa kuunganisha umekwisha.* Poti 25 ya kutokea imezibwa. Watoa huduma wengi wa intaneti, na wengi wa seva za kukodi, huiziba ili kuzuia barua taka. Thibitisha:

`nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25`

Ikikaa kimya, na faiawoli yako haizuii poti hiyo, suala ni la mtoa huduma. Omba waifungue kwa anwani yako ya kudumu. Kama laini yenu ni ya kawaida isiyo na anwani ya kudumu ya umma, mtakuwa mnapigania kitu ambacho hakitapatikana. Pitisheni barua zinazotoka kwa huduma ya kupokezana (relay), yaani seva nyingine inayozituma kwa niaba yenu.

*Inasema jina la seva halipatikani, ilhali ukiandika `dig` linapatikana.* Kwenye Debian, sehemu za Postfix hufanya kazi zikiwa zimefungiwa ndani ya `/var/spool/postfix`, na humo kuna nakala yake ya `resolv.conf`, faili linalotaja DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Umebadilisha DNS ya mashine, nakala ile haijui. `systemctl restart postfix` huinakili upya. Watu huhangaika nusu siku kwa jambo la sekunde mbili.

*Inataja PTR, au inasema anwani haina jina.* Anwani mpya ya IP haina jina la kurudi nyuma. Pima:

`dig -x` ikifuatwa na anwani yako, kisha `+short`

Jina linalotoka lazima liwe lile ambalo seva inajitambulisha nalo, na jina hilo nalo likitafutwa lirudi kwenye anwani ile ile. Rekodi hii huwezi kuiweka wewe kwenye paneli ya kikoa chenu. Huwekwa na mwenye anwani, yaani mtoa huduma wa intaneti. Omba kwa maandishi, mapema, kabla ya siku ya kuhama.

Lakini tazama vizuri anwani inayotajwa kwenye lalamiko. Ikiwa ndefu yenye nukta mbili mbili, ni IPv6. Seva ya zamani haikuwa nayo, mpya imejipatia yenyewe kutoka kwa rauta, na Postfix imeanza kuitumia bila mtu kumwambia mtu. Gmail haipokei barua za IPv6 zisizo na PTR. Kama hamna mpango wa IPv6 kwa sasa, `postconf -e inet_protocols=ipv4`, anzisha Postfix upya, kisha `postqueue -f` ili foleni ijaribu tena.

*Inataja SPF.* SPF ni rekodi ya DNS inayotaja anwani zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa chenu, na anwani mpya haimo. Mara nyingi zaidi, imeongezwa lakini kwa kuandika rekodi ya pili badala ya kuhariri ya kwanza. Kikoa chenye rekodi mbili za SPF kinahesabiwa kuwa na kosa, kwa hiyo zote mbili hazisaidii. Iwe moja tu. Tena isizidi utafutaji 10 wa DNS ndani yake. Ofisi zilizojiunga na huduma nyingi za nje hufika hapo bila kujua.

*Inataja DKIM, au barua zinafika bila sahihi.* DKIM ni sahihi ya kidijitali inayowekwa kwenye kila barua. Ufunguo wake wa siri ulinakiliwa kwa `scp` ukabaki unasomeka na kila mtu, na OpenDKIM kwa kawaida hukataa ufunguo wa namna hiyo. Mpe mtumiaji wa OpenDKIM umiliki na uweke ruhusa 600, kisha `opendkim-testkey -vvv`.

*Barua zinakubaliwa lakini zinaangukia barua taka.* Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wanataka wanaotuma barua nyingi wawe na SPF, DKIM na DMARC (rekodi inayosema barua isiyopita vipimo hivyo ifanywe nini), zote tatu. Kwa Gmail kiwango ni barua 5,000 kwa siku. Chuo kinachotuma matokeo ya mtihani kwa wanafunzi wote hufika hapo kwa asubuhi moja. Anwani mpya pia haina historia, na kutuma maelfu siku ya kwanza kunaitia shaka. Anza na barua za kawaida za wafanyakazi, zile za kundi zisubiri, kisha uongeze kidogo kidogo. Na utazame kama anwani uliyopewa haikuwa ya mtu mwingine aliyeichafua: iangalie kwenye Spamhaus, wanaoorodhesha anwani zinazotiliwa shaka. Ikiwa imeorodheshwa kama anwani ya laini ya kawaida, ombi la kuondolewa ni fomu fupi. Ikiwa imeorodheshwa kwa barua taka zinazotoka sasa hivi, simamisha kutuma. Kuna kompyuta ndani ya ofisi yako au akaunti iliyoibwa nywila, na kuomba uondolewe kabla ya kuipata ni kujiharibia jina.

Dalili: zinatoka vizuri, haziingii

Swali la kwanza: zinaenda wapi? Kama TTL (sekunde ambazo jibu la DNS hukumbukwa) ya rekodi ya MX au A, zinazoelekeza barua kwenye seva yako, ilikuwa 86400, dunia inaweza kukumbuka anwani ya zamani kwa siku nzima. Dawa yake ilitakiwa kunywewa jana: shusha TTL iwe 300 siku moja kabla ya kuhama. Ukiwa umechelewa, ngoja, au elekeza poti 25 ya anwani ya zamani kwenye mashine mpya kama bado unaimiliki.

Zikiwa zinafika na zinakataliwa, kuna kisababishi kimoja ambacho huwaduwaza hata mafundi wazoefu. Wakati wa kuhama mtu ameandika 8.8.8.8 kwenye DNS ya seva kwa sababu "hiyo haikosi". Lakini Postfix iliyoagizwa hivyo huuliza Spamhaus kuhusu kila mtumaji, na Spamhaus haijibu maswali yanayopitia DNS za umma kama hiyo. Inarudisha 127.255.255.254, ambayo ni taarifa ya kosa, na Postfix isiyoelekezwa vizuri huisoma kama "huyu ni mtuma taka". Kila barua ya kila mtu inakataliwa kwa 5. Sakinisha `unbound` kwenye seva yenyewe iwe ndiyo DNS yake, na kwenye mpangilio uandike majibu yanayokubalika tu:

`reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]`

Jibu la 452 linalotaja nafasi maana yake diski imejaa, ila `df -h` inaweza kukuonyesha nafasi tele. Hapo jaribu `df -i`. Maildir, mtindo wa kuhifadhi barua, huweka kila barua kama faili lake, na kwenye ext4 idadi ya mafaili yanayowezekana hupangwa siku diski inapoandaliwa. Barua ndogo ndogo milioni kadhaa humaliza idadi hiyo kabla ya nafasi. Huwezi kuiongeza diski ikiwa mahali pake; utaiandaa upya kwa `mkfs.ext4 -i 8192`, au uchague XFS. Ndiyo maana suala hili ni la kufikiriwa kabla ya kunakili.

Barua ndogo zinaingia na zenye viambatisho vikubwa zinakataliwa? Postfix mpya imerudi kwenye kikomo chake cha kawaida cha baiti 10,240,000. Ongeza `message_size_limit`.

Ukiona "permission denied" kwenye logi, namba za watumiaji hazilingani kati ya mashine mbili: `vmail` alikuwa 5000 kule, hapa ni 1001. Tumia `chown -R` kwenye folda ya barua peke yake. Kuendesha amri hiyo juu ya `/var` nzima ni kuanza msiba mwingine.

Na kama faili `/var/log/mail.log` halipo kabisa: Debian 12 ikisakinishwa upya haiji na rsyslog. Tumia `journalctl -u 'postfix*'`, au sakinisha rsyslog.

Dalili: watu hawawezi kuingia kwenye akaunti zao

Uliza swali moja: ni wote, ni ofisi moja, au ni kifaa cha aina moja?

Ni wote, na Dovecot haiwaki: kama umepanda hadi Debian 13 umepata Dovecot 2.4, na mpangilio wa 2.3 hausomeki humo. Unahitaji kuandikwa upya, ukianza na mstari wa `dovecot_config_version`. Hii si kazi ya saa sita usiku. Rudi kwenye mashine ya zamani, ifanye kwa utulivu.

Ni wote, na simu zinalalamikia cheti: tazama saa kabla ya cheti. `timedatectl` ikionyesha mwaka wa nyuma, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imekufa, na kila stima ikipotea seva inasahau leo ni lini. Betri hiyo ni ya bei ndogo na hupatikana kwa wauza saa. Weka na `chrony` pia, isahihishe saa kupitia mtandao. Saa ikiwa sawa, basi cheti ni cha jina la zamani au siku 90 za Let's Encrypt zimepita kwa kuwa kazi ya kukihuisha haikuhamishwa.

Ni ofisi moja nzima: fail2ban, programu inayozuia anwani zinazokosea nywila mara nyingi, imewafungia. Wote hutokea kwenye anwani moja ya IP, na simu mbili zenye nywila ya zamani zinazojaribu kila dakika zinatosha kuwaponza wengine wote. Wafungulie kwa `fail2ban-client set dovecot unbanip` ikifuatwa na anwani hiyo, uongeze anwani ya ofisi kwenye `ignoreip`, kisha utafute hizo simu mbili.

Ni printa na kompyuta za zamani: mifumo ya sasa inadai TLS (usimbaji wa mawasiliano) toleo la 1.2 kwenda juu, na printa ile ya masijala inayotuma karatasi zilizoskaniwa haiijui. Watakuambia urudishe TLS 1.0 kwa seva nzima. Kataa. Iruhusu printa kwa anwani yake ya ndani kutuma kupitia poti ya ndani pekee.

Dalili: simu zinapakua barua zote upya

Utapigiwa simu ya namna hii: "Fundi, habari ya asubuhi. Bando langu la mwezi limeisha kabla sijafika Ahero, hii simu inashusha barua za tangu mwaka juzi." "Pole sana daktari, zima usawazishaji kidogo, tunaliangalia."

Kila folda ya Dovecot ina faili `dovecot-uidlist` lenye namba za utambulisho wa barua. Likiachwa nyuma, seva huunda jipya, na simu huona kila barua kama ngeni. Mara nyingi aliyehamisha alinakili folda za `cur` na `new` peke yake ili kuokoa muda. Simamisha Dovecot, rudisha mafaili hayo kutoka mashine ya zamani kabla barua mpya hazijawa nyingi, kisha iwashe. Ikiwa siku kadhaa zimepita, iache. Kurudisha sasa kutawapakulia watu mara ya tatu. Kwa anayejiandaa kuhama: `rsync -aHAX --numeric-ids`, folda nzima, Dovecot ikiwa imezimwa kwenye mzunguko wa mwisho.

Dalili: kila kitu kinafanya kazi, ila polepole

Mara nyingi ni RAM, na anayeila ni ClamAV, kichunguzi cha virusi. Peke yake huchukua zaidi ya GB 1, na inapopakia orodha mpya ya virusi hushika mbili kwa wakati mmoja. `dmesg | grep -i kill` itakuonyesha kama mfumo umekuwa ukiiua. Ongeza RAM, au weka `ConcurrentDatabaseReload no`.

La sivyo, tazama `/proc/mdstat`. RAID inayojijenga upya huburura seva, na ikiwa diski mpya ni zile za bei nafuu za kompyuta ya mezani zenye teknolojia ya SMR, inaweza kuburura kwa siku kadhaa. Iache imalize. Usiizime kwa hasira.

Dalili: diski moja imeonyesha taa ya rangi ya chungwa

Endesha `smartctl -a` kwa kila diski. Namba za `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector` zikiwa zinapanda, diski hiyo inaondoka. Kwenye RAID 5 unaweza kupoteza moja na ukaendelea. Ya pili ikifuata, barua zote zimekwenda. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha bekapu ya nje ya seva ipo na umewahi kuirudisha ikasomeka. Soma namba ya utambulisho (serial number) ya diski mbovu, uilinganishe na kibandiko kabla hujaichomoa. Kuchomoa diski nzima badala ya mbovu huua RAID nyingi.

Acha kabisa diski mbili zikiwa na hitilafu, au moja ikigonga "tak, tak". Zima. Usijaribu `fsck`, usiunde RAID upya, usiiweke kwenye friji kama video zinavyodai. Mpelekee mtaalamu wa kuokoa data, zote kwa pamoja, zikiwa zimeandikwa namba ya tundu ilimotoka kila moja, na umweleze umeshafanya nini hadi hapo.

Kabla diski haijatoka mlangoni, iwe inaenda kwa mtaalamu au kurudishwa dukani kwa dhamana, kumbuka ndani yake kuna barua za wagonjwa, wanafunzi au wanachama. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ya watu ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli kwao, taasisi ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ilipotambua. Mkataba wa usiri usainiwe kabla ya diski kukabidhiwa, na isiyohitajika tena itobolewe kwa drili.